Kutoka brashi ya mabango Mwanjelwa hadi kuiandikia kompyuta kanuni za mchoro (uzi mrefu)

Mleta uzi, Mbeya

Wakuu habari za leo. Wazee waliomo humu, shikamooni.

Vijana kadhaa wameniuliza kwa ujumbe wa pembeni mtu anaingiaje kwenye sanaa ya kompyuta akiwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, hana chuo cha sanaa karibu wala mashine ya mamilioni. Nimeona niandike hapa wote wasome na wenye ujuzi waongeze. Nitashusha kwa vipande. Mwenye swali aulize hata katikati.

Msimamo wangu nausema mapema. Kompyuta inakuwa chombo cha sanaa pale unapoweza kuiambia kanuni ya mchoro wako kwa maneno na namba, ikachora, kisha ukakaa mbele ya matokeo ukachagua la kubaki na la kutupa. Kujua programu nyingi za kudizaini kunakupa kula, na kula ni muhimu, ila peke yake hakukufikishi hapo. Na hizo kanuni tunazo tayari mikononi mwetu, nitaonyesha.

Kazi yangu ya kwanza ni mabango ya brashi. Kinyozi, bucha, grosari, gereji, na kuta za shule za chekechea: ramani ya Tanzania, herufi, twiga, mtoto ananawa mikono. Rangi ya mafuta, brashi bapa, brashi za ncha, tapentaini na chaki. Herufi za wazee wa fani ile zilikuwa na kivuli na mng'aro ambao fonti za kupakua hazijaufikia mpaka leo.

Kuhamisha picha ndogo kwenda ukutani kunataka kupiga miraba. Unachukua picha, unaigawa kwa penseli na rula miraba ya sentimita moja moja. Ukutani unavuta uzi wenye chaki, unapata miraba ya sentimita 20. Kisha unahamisha mraba mmoja mmoja. Mzee aliyenifundisha alikuwa akisisitiza: "Usimtazame twiga, tazama mraba." Ukimtazama twiga unachora twiga aliyeko kichwani mwako. Ukitazama mraba unaona mstari unaingia pembeni kushoto, robo kutoka juu, unatokea chini katikati. Basi.

Hivyo nilivyoueleza huo mstari ndani ya mraba ndivyo kompyuta inavyoona mchoro wote. Wakati ule sikulijua, nilikuwa napaka rangi tu.

Baadaye zikaingia mashine za fleksi, zile za kuchapa mabango. Bango la kinyozi lililokuwa likimkalisha mtu kwenye stuli kutwa nzima likawa linatoka kabla chai haijapoa, kwa bei ya skwea mita. Wenzangu wengi wakahamia kupaka nyumba. Mimi nikaenda steshenari moja nikaomba nikae karibu na mdizaini, nimsaidie kazi na yeye anielekeze. Hapo ndipo nilipokutana na CorelDRAW, programu ya kudizaini, na ndani yake nikakutana na mkunjo wa Bézier.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu kitu hiki nakipenda. Herufi S ndiyo mtihani wa mwandishi wa mabango. Mkono ukisita katikati, S inavunjika mgongo. Kwenye kompyuta S hiyo inashikwa na nukta chache tu, kila nukta ina mikono miwili inayovuta mstari kushoto na kulia. Pierre Bézier alikuwa mhandisi wa magari Renault, Ufaransa, na Paul de Casteljau alikuwa Citroën. Kila mmoja kwa upande wake, kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na miaka ya 1960, alikuwa akitafuta namna ya kueleza mkunjo wa bodi ya gari kwa hesabu ili mashine iweze kuukata. Hesabu yao ndiyo ipo kwenye kila fonti unayoisoma kwenye simu yako sasa hivi. Mimi niliyehangaika na mgongo wa S kwa brashi nilipoelewa hilo nilikaa kimya muda mrefu.

Naendelea baadaye kidogo, kuna kazi ya mteja.

Mtoto wa Tukuyu

Ugonile mkuu. Nimeweka kambi hapa, sitoki mpaka uzi uishe.

Fundi Fleksi, Kabwe

Mleta uzi heshima yako. Mimi niko upande wa hizo mashine kwa hiyo niongeze la kwangu, litawasaidia wanaoanza.

Wengi wanakuja na picha waliyotumiwa WhatsApp wanataka bango la mita tatu. WhatsApp inaibana picha ili ipite haraka, ikifika kwangu imebaki vumbi. Picha za kamera na za programu kama Photoshop, GIMP au Krita ni vinukta, yaani pikseli. Vinukta vina idadi yake, ukivikuza unavikuza jinsi vilivyo. Karatasi ya A4 kuchapwa vizuri kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 2480 kwa 3508. Bango la barabarani linatazamwa kutoka mbali, hata nukta 72 kwa inchi linapendeza. Mchoro wa vekta, kama wa CorelDRAW au Inkscape, ni hiyo mikunjo aliyoitaja mleta uzi. Ukikuza kuanzia stika ya bajaji hadi ukuta wa ghorofa hauharibiki, kwa sababu kompyuta inapiga hesabu upya.

La pili ni rangi. Skrini inatoa mwanga: nyekundu, kijani na bluu, kila moja ina ngazi 0 hadi 255, ukizidisha unapata rangi 16,777,216. Mashine ya kuchapa inaweka wino: samawati, majenta, njano na nyeusi. Kile kijani kinachowaka kwenye skrini hakipo kwenye wino. Ninyi wasanii mtuelewe tunapowaambia rangi itapoa kidogo.

Mleta uzi, Mbeya

Fundi, nakushukuru sana. Hilo la rangi limevunja urafiki wa wasanii wengi na wachapaji, heri umeliweka wazi.

Sehemu ya pili. Pale steshenari palikuwa na plota ya kukata stika, zile za vioo vya daladala na malori. Kila mtu alikuwa akitazama stika ikitoka. Mimi nilivutiwa na kisu. Kisu kinaenda, kinanyanyuka, kinaruka, kinashuka, kinaenda. Mashine ile haioni neno wala ua. Inapokea maagizo. Nikamwomba yule kaka anifungulie lile faili kama maandishi ya kawaida, tukakuta PU, namba mbili, PD, namba mbili, mistari na mistari. PU ni nyanyua kalamu, PD ni shusha kalamu. Lugha hiyo ya plota inaitwa HPGL, ilitoka kampuni ya Hewlett-Packard. Milimita moja ni hatua 40. Nikafungua faili tupu, nikaandika namba zangu mwenyewe kwa mkono, nikachora mraba, kisha mraba ndani ya mraba. Hapakuwa na maus wala brashi. Nilikuwa nimechora kwa kuandika.

Kuanzia hapo nikawa nasaka mtandaoni nani mwingine amewahi kuchora hivi, nikampata bibi mmoja ambaye kila msanii wa huku anapaswa kumjua: Vera Molnár. Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1924, akaishi Paris, akafariki Desemba 2023 akikaribia kutimiza miaka 100. Mwaka 1968 alipata ruhusa ya kutumia kompyuta ya watafiti huko Paris. Kulikuwa na kadi za kutoboa na plota. Skrini ya kuona unachochora hakuna. Unaandika maagizo, unasubiri, karatasi inatoka, ndipo unajua umefanya nini.

Kilichonishika zaidi ni alichokifanya kabla ya hapo. Tangu 1959 alikuwa na kile alichokiita mashine ya kufikirika. Anajiwekea kanuni, mfano: nina mistari ya aina nne, kila mraba unapata mmoja, hakuna miraba miwili ya jirani kufanana. Kisha anaitekeleza kwa mkono, hatua kwa hatua, kama vile yeye ndiye kompyuta. Miaka tisa kabla hajaigusa mashine yenyewe! Kijana wa Chunya au Makete anayeniambia hawezi kuanza kwa sababu hana laptopu, namwomba asome aya hii mara mbili.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1965 Georg Nees na Frieder Nake walionyesha michoro ya kompyuta Stuttgart, Ujerumani, na mwaka huohuo A. Michael Noll akaonyesha New York. Kule Stuttgart wachoraji waliohudhuria walikasirika kabisa. Nawaelewa, maana sisi wa brashi tulizisemea mashine za fleksi maneno yaleyale.

Mwalimu wa Hisabati

Nimefurahi kuona x na y nje ya ubao. Niwatahadharishe vijana waliotoka darasani: kwenye skrini sifuri ya kuanzia ipo kona ya juu kushoto, na y inakua ukishuka chini. Wanafunzi wangu wanageuziwa picha miguu juu hapo.

Mleta uzi, Mbeya

Kweli kabisa mwalimu. Sisi wa mabango haikutusumbua, tunaanza kona ya juu kushoto siku zote ili mkono usifute rangi mbichi.

Mwana wa Mufindi

Mkuu mimi nina simu tu na bando la kuungaunga. Niko siriasi, nataka kuanza leo. Nianze na nini?

Mleta uzi, Mbeya

Mdogo wangu, anza na daftari la hesabu, lile la viboksi. Na dadu. Nitakupa zoezi la huyo Georg Nees. Ana mchoro wa mwaka 1968, ni miraba 12 kwa upana na 22 kwa urefu, jumla 264. Juu kabisa miraba imenyooka kama gwaride. Kadiri unavyoshuka kila mraba unayumba kidogo zaidi na kutoka kwenye mstari zaidi, hadi chini ni vurugu tupu.

Kanuni yake kwa Kiswahili ni hii. Mstari wa kwanza uite 0, wa mwisho 21. Kwa kila mraba, bahatisha namba kati ya hasi moja na chanya moja. Izidishe kwa namba ya mstari uliopo. Matokeo yake, ukiyapunguza kwa kipimo utakachochagua, ndiyo kiasi cha kuuzungusha huo mraba. Fanya hivyohivyo kwa kuusogeza kushoto-kulia na juu-chini. Mstari wa 0 unazidisha kwa sifuri, ndiyo maana umetulia. Kwenye daftari dadu inakubahatishia: 1 hadi 3 unayumbia kushoto, 4 hadi 6 unayumbia kulia.

Ukimaliza ukurasa mmoja kwa mkono utakuwa umeielewa kanuni hadi kwenye vidole. Ndipo uchukue simu. Kuna p5.js, chombo cha kuchora kwa kuandika amri, inafanya kazi ndani ya kivinjari cha simu bila kusakinisha kitu, na ni bure. Imetoka kwenye Processing, ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianzisha mwaka 2001 wakiwa chuo cha MIT, Marekani, makusudi kwa ajili ya wasanii. Lauren McCarthy ndiye aliyeileta kwenye kivinjari. Faili lake ukilipakua mara moja unafanya kazi hata bando likiisha, na ni dogo kuliko wimbo mmoja. Zile amri ni za Kiingereza, lakini zinazotumika kila siku ni chache: chora mstari, chora mraba, zungusha, rudia, bahatisha. Utazishika.

Ukizoea, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, uchore tena, ulinganishe. Usibadilishe vitu vitatu kwa pamoja kwa sababu hutajua kilichopendezesha ni kipi. Molnár aliishi maisha yake yote hivyo.

Na kwa kuwa wewe ni wa Mufindi, nikupe kazi nyingine. Mistari ya chai. Chukua mistari mingi ya kulala, uipindishe. Ukibahatisha kila nukta peke yake unapata kelele, kama redio isiyoshika. Ukitumia bahati ya jirani, yaani kila nukta iwe karibu na iliyotangulia, mistari inapanda na kushuka taratibu na unaona kabisa shamba la chai limelala juu ya kilima. Njia hiyo aliibuni Ken Perlin mwaka 1983, na p5.js inayo tayari ndani yake. Nilipoipata mara ya kwanza nilichora mashamba usiku kucha. Wewe unayaona kila asubuhi, utayachora vizuri kuliko mimi.

Mtoto wa Tukuyu

Na asiye na kivinjari kizuri ila anakaa kwenye ofisi yenye Word tu?

Mleta uzi, Mbeya

Yupo Mnigeria anaitwa Osinachi, kazi zake zinajulikana duniani, na anachorea Microsoft Word. Maumbo, mikunjo, rangi za kujaza. Alianzia kwenye kompyuta za kulipia kwa saa. Kwa hiyo Word inatosha kabisa.

Milulu, Iringa

Kamwene. Nimesoma uzi wote kimya, sasa naomba nizungumze.

Mama yangu ni msusi wa vikapu vya milulu, zile nyasi za kusukia, na mimi nasuka ingawa simfikii. Mleta uzi umesema kanuni tunazo tayari mikononi lakini hujaionyesha. Nikuonyeshe ya kwetu. Kikapu kinaanzia kitakoni, unazunguka, unapanda. Ua linajitokeza kwa hesabu: unapita juu ya vijiti kadhaa, unapita chini ya vijiti kadhaa, na mzunguko unaofuata unahama kimoja. Mama hahesabu kwa sauti wala haandiki popote. Ukimsemesha katikati ya mzunguko hajibu mpaka amalize. Hesabu ya kitakoni isipokaa sawa, ukifika juu ua halikutani, na hakuna namna ya kulilazimisha, unafumua.

Swali langu: hicho unachokisema kinaweza kuandikwa kwenye kompyuta? Na la pili, ambalo ndilo zito: kikishaandikwa ni cha nani? Nimeona ua la kikapu chetu kwenye kava la daftari na kwenye begi la dukani, hakuna hata neno Iringa. Waliosuka hawakuulizwa.

Mleta uzi, Mbeya

Dada Milulu, kamwene. Asante kwa kusema. Umeieleza vizuri kuliko nilivyopanga kuieleza.

La kwanza, ndiyo, inaandikika, na nimeshinda jana nzima nikiifanya baada ya kusoma maneno yako. Vijiti vipe namba kuanzia 0. Mizunguko nayo ipe namba kuanzia 0. Chukua namba ya kijiti, ongeza namba ya mzunguko, gawa kwa 8, usitazame jibu, tazama baki. Baki likiwa chini ya 4, rangi inaonekana. Likiwa 4 au zaidi, milulu inabaki na rangi yake. Kanuni nzima ni hiyo, sentensi tatu. Ukiichora unapata michirizi inayopanda kwa mshazari. Ukifika nusu ya urefu, badala ya kuongeza namba ya mzunguko uitoe, michirizi inarudi upande wa pili na unapata pembe, lile umbo la mshale.

Na ile ya ua kutokukutana: vijiti vikiwa 96, ukigawa kwa 8 baki ni sifuri, ua linarudia mara 12 kuzunguka kikapu na linafunga barabara. Vikiwa 97, baki ni 1, kila ukimaliza mzunguko ua limeteleza hatua moja. Nikalichora la 97 vilevile, likawa msokoto usio na mwanzo unaopanda kikapu kizima. Ni zuri sana. Muulize mama kama wapo wasusi wanaofanya hivyo kwa makusudi.

Sasa unaona kwa nini nilisema mikononi tunazo. Baki la kugawanya ni moja ya amri za mwanzo kabisa za kuprogramu, na mama analitumia bila kalamu.

La pili. Nakubaliana na wewe bila kupindisha. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi ya mchoraji mara tu anapoiumba, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, inasajili. Sheria hiyohiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, lakini ua lililosukwa na vizazi halina mtu mmoja wa kusimama kulidai, na wanaolichukua wanapitia kwenye upenyo huo. Kwa upande wangu nimeamua hivi: hicho nilichochora jana hakitoki kwenye kompyuta yangu mpaka mama na wenzake wakione na waseme. Wakikubali, jina la kijiji na la wasusi linaandikwa kwenye mchoro wenyewe, sehemu ya mbele, na kila nakala itakayouzwa fungu lao linajulikana kabla haijachapwa. Wakikataa, nimejifunza hesabu na inatosha.

Mwalimu wa Hisabati

Hili la baki nitaliingiza darasani wiki hii. Jirani zetu Msumbiji walikuwa na Paulus Gerdes, mtaalamu wa hisabati aliyefariki 2014. Sehemu kubwa ya maisha yake aliwasikiliza wasusi wa mikoba ya Inhambane na kuandika hesabu zilizomo. Aliwaheshimu wasusi kama wenye maarifa. Dada Milulu, mama yako angekubali wanafunzi wamtembelee wakiwa na adabu zao?

Milulu, Iringa

Mwalimu, nitamuuliza. Wageni wanaokaa chini na kushika milulu anawapenda. Wa kupiga picha na kuondoka hawataki.

Mleta uzi, nimekusikia. Nimemsomea mama ile ya 97. Amecheka, akasema huo msokoto bibi yake alikuwa anausuka kwenye vikapu vya harusi na sasa hakuna anayeusuka. Nitumie mchoro nimwonyeshe.

Kijana wa Soweto, Mbeya

Wakuu mnahangaika na hesabu za nini wakati akili mnemba inachora chochote kwa sekunde? Unaandika "kikapu cha Iringa" kinatoka.

Mleta uzi, Mbeya

Kaka swali lako ni la haki, na sitalipuuza.

Alikuwepo mchoraji Mwingereza, Harold Cohen. Mwaka 1966 aliiwakilisha Uingereza kwenye maonyesho ya Venice, yaani alikuwa keshafika. Mwaka 1968 akaenda California, akajifunza kuprogramu, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaanza kuunda programu aliyoiita AARON. Aliifanyia kazi hadi alipofariki mwaka 2016. AARON haikuonyeshwa picha ya mtu yeyote. Cohen aliiandikia kanuni: umbo lililofungwa ni nini, mstari ulio wazi ni nini, cha mbele kinakifichaje cha nyuma, baadaye mwili wa mtu umeungana vipi na mmea unatawanya vipi matawi. Mashine ikichora, kwa miaka mingi yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akipaka rangi kwa brashi. Kila alichokijua AARON, Cohen alilazimika kukijua kwanza.

Hizi za sasa zimejengwa kinyume. Stable Diffusion, iliyotoka Agosti 2022, imefunzwa kwa wingi mkubwa wa picha zilizokusanywa mtandaoni, wenyewe wengi hawakuulizwa. Ukiandika "kikapu cha Iringa" inakupa kitu kinachofanana na picha za vikapu ilizoziona. Hebu hesabu vijiti kwenye picha hiyo, kisha mpe msusi akisuke. Dada Milulu amelalamikia kava la daftari moja. Hapa tunazungumzia kava hilo mara maelfu.

Sisemi usiiguse. Mteja akitaka picha ya haraka ya tangazo la bonanza, itumie umalize. Mimi ninachozungumzia hapa ni kazi ambayo ukiulizwa kwa nini mstari huu umekaa hapa, unalo jibu.

Mwana wa Mufindi

Nimemaliza ukurasa wa daftari kwa dadu. Mistari ya chini ilinitoa jasho ila nimeipenda sana ya katikati, pale inapoanza kuyumba. Na kula je, mkuu? Inalipa?

Mleta uzi, Mbeya

Hongera sana. Hata mimi ninaipenda sehemu hiyo ya katikati. Umeshaanza kuchagua.

Kula, nikuambie ukweli. Kinacholipa kodi yangu mpaka leo ni stika, nembo, fulana za mahafali na kuta za shule. Michoro ya kanuni inauzwa kidogokidogo, kwa wenye hoteli na ofisi wanaotaka kitu ambacho jirani hana, na kwa wageni wanaopita. Zile habari za NFT za mwaka 2021, yaani kuuza umiliki wa picha za kidijitali mtandaoni, zilileta kelele nyingi, huku kwetu sijaona aliyejenga kwa hizo. Ninapoweka matumaini ni kwenye kitambaa, kwa sababu kanuni inayorudia bila mshono kuonekana ndiyo kitenge chenyewe. Kuta za shule usizidharau. Nikichora ukuta siku hizi gridi yake naiandikia kompyuta kwanza, naona rangi zote kabla sijafungua kopo, na mwalimu mkuu anachagua kwenye simu.

Fundi Fleksi, Kabwe

Mleta uzi, nina plota ya stika imekaa bila kazi jioni nyingi. Kisu kinatoka. Kalamu inaingia?

Mleta uzi, Mbeya

Inaingia mkuu, ndivyo wenzetu walivyokuwa wakifanya toka mwanzo. Tafuta kalamu ya wino wa jeli ambayo unene wake unakaribia kishikio cha kisu, izungushie utepe kidogo isicheze. Shusha nguvu ya mgandamizo hadi karibu na ya chini kabisa, la sivyo ncha inapasua karatasi. Mwendo nao upunguze, wino upate muda wa kushuka. Karatasi iwe nene, ile ya manila inafaa, na uibandike kingo zote isiteleze kwenye roli. Mchoro nitaleta kwenye flashi, umbo la vekta, mistari peke yake bila kujaza rangi, kwa sababu kalamu haijui kujaza.

Tuanze na ule wa vijiti 97, dada Milulu akiridhia. Nakala ya kwanza ni ya mama.

Milulu, Iringa

Mama amekubali nakala moja tu kwanza, aione kwa macho ndipo aseme la zaidi. Ameuliza kama kalamu ya zambarau inapatikana, maana bibi alitumia zambarau.

Fundi Fleksi, Kabwe

Ya zambarau ninayo. Jumamosi baada ya saa tisa nipo, njooni.